Miti Tisa ya Shangazi

Mtu akiniambia makaa ni makaa, namwangalia mikono. Ikiwa laini, najua hajawahi kuwasha jiko. Yapo makaa yanayopasuka na kurusha cheche hadi wateja wanahama benchi. Yapo mepesi yanayokwisha kabla maharage hayajachemka. Na yapo yale mazito, ukiyagonga yanalia kama sahani ya bati, yanayoshika moto alfajiri na saa saba mchana bado yapo. Hayo mazito ndiyo niliyoyapenda kwa miaka minne. Niliyasifu, nikawafundisha akina mama wenzangu wa mtaa wa Hai Cinema kuyachagua, na nikajiona mjanja. Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Iliyobaki nitaigawa kwa wanaostahili.

Nina kibanda cha chakula: chapati, maharage, chai ya maziwa, na Jumamosi pilau. Ni mapishi niliyojifunza Kitale, kwa sababu wazazi wangu walikimbilia Kenya mimi nikiwa bado mgongoni, na nilirudi Juba nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Wateja wangu wengi ni wapakuzi wa mizigo wa uwanja wa ndege. Watu hawa hawana subira. Ndege ya Nairobi ikikaribia kutua lazima wawe wameshakula, ya Entebbe ikichelewa wanarudi kwangu na njaa ya pili, kwa hiyo moto wangu haupaswi kufa kutwa nzima.

Makaa nililetewa na mwanamume mmoja mwenye lori kuukuu la bluu. Ujana wake wote aliumaliza Uganda kama mkimbizi, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, chake cha kule na changu cha Kenya, na tukachekana. Mimi nilimcheka kwa "mimi iko" zake, yeye alinicheka kwamba naongea kama mtangazaji wa redio. Gunia lake la kwanza lilikuwa mchanganyiko. Nililimwaga chini mbele yake, nikachambua, nikaweka mazito huku na mepesi kule.

"Mimi nataka hii tu," nikamwambia. "Hiyo ingine peleka kwa watu hawapiki."

"Ile nzito?"

"Hiyo nzito."

"Nzito peke yake, mama?"

"Peke yake. Na ukileta hivyo, nitakuletea wateja wengine hapa."

Wiki iliyofuata alileta magunia manne, yote mazito, na nikatimiza ahadi. Nilimpeleka kwa muuza asida, ugali wa huku, wa pembeni, kwa mama wa samaki, kwa wale Waethiopia wa kahawa. Sikumuuliza makaa yametoka wapi wala ni ya mti gani. Nikienda kununua nyama nauliza kama ni ya ng'ombe au ya mbuzi, na nikishaambiwa bado naangalia mkia. Makaa nilidhani yamezaliwa meusi.

Jambo ambalo mpaka leo linanichoma ni hili. Gunia la makaa halishonwi mdomo wazi. Wachomaji hujaza majani na vijiti juu, kisha wanapitisha kamba, ili makaa yasimwagike njiani. Kila wiki nilikata kamba, nikachota yale majani kwa mikono miwili, majani marefu yenye ukingo wa mawimbi, nikawatupia mbuzi wa jirani. Na mikono hiyohiyo, saa moja kabla, nilikuwa nimeipaka mafuta ya lulu.

Lulu ninayosema si ya baharini. Kwa Kiarabu cha Juba ndivyo unavyoitwa mti wa porini unaozaa tunda tamu kama parachichi dogo, lenye kokwa ndani, na kokwa hiyo ndiyo inayokamuliwa mafuta. Kitabuni utaukuta kwa jina la shea. Kwetu mtoto akizaliwa, kabla hajanyonya, anapakwa mafuta hayo kuanzia utosini. Mimi nilipakwa. Tulipokuwa Kitale, kila mwaka chupa moja au mbili za soda zilizojaa mafuta ya lulu zilivuka mipaka kwa mikono ya watu tusiowajua, zimefungwa vitambaa, na mama yangu aliyapima kwa kidole kama dawa. Nilijua harufu ya mafuta hayo kuliko nilivyojua sura ya baba yangu. Ila mti wenyewe sikuujua kwa sura. Ungenisimamisha chini yake ningekuuliza kama ni mwembe. Hiyo ndiyo aina ya ujinga tuliorudi nao sisi tuliokulia ng'ambo: tunaimba wimbo wa nchi machozi yakitutoka, na hatujui jani la kwetu.

Aliyekuwa akituma chupa hizo ni shangazi yangu, dada wa baba. Hakuwahi kukimbia. Vita vilipofika kijijini alijificha porini, vilipopita alirudi kukamua. Kijiji chake kiko mashariki, ukivuka daraja la mto na kuendelea karibu siku nzima kwa barabara isiyo na huruma. Kwao shamba ni la mume, lakini lulu iliyoanguka chini ni ya mke. Bibi arusi akifika, mama mkwe anamchukua kumwonyesha miti yake, mmoja mmoja, na tangu siku hiyo hakuna mwingine anayeokota chini yake. Shangazi alionyeshwa miti tisa. Alfajiri za mvua aliokota, akachemsha, akaanika, akapasua, akakaanga, akatwanga, akakanda na maji mpaka mkono ukafa ganzi na mafuta yakaelea. Kwa mafuta hayo alisomesha watoto wake wawili, na kwa mafuta hayo alimzika mume wake kwa heshima. Tangu niliporudi Juba, kila mwaka kazi ya mafuta ikiisha alikuja na madumu yake, akalala kwangu New Site, akazunguka mtaa kwa mtaa kuuza.

Mwaka wangu wa nne wa makaa mazito alikuja akaomba nimpeleke kibandani aone ninavyopika. Nilifurahi. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mgongo, kile cha wateja wa heshima, nikamwagia chai, nikaanza kujisifu. Nikamwonyesha na makaa yangu. Nikagonga mawili aisikie ile sauti.

Aliinuka. Hakushika makaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia lililokuwa bado limeshonwa, akavuta jani moja kutoka mdomoni, akalinyoosha juu ya paja lake, akalipindua. Kisha akalinusa.

"Hii umeipata wapi?" akauliza kwa lugha yetu.

"Ananiletea mtu."

"Hii ni lulu."

Nikamwambia haiwezekani, labda ni majani tu yaliyookotwa njiani. Akachukua kaa moja, akalivunja, akanionyesha kwa kidole mistari ya ndani, kisha akatafuta bonge moja lenye gamba ambalo halikuungua vizuri, limepasukapasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mamba. "Nimelala chini ya gamba hili miaka arobaini," akasema. "Usinifundishe."

Chapati ilikuwa tayari, nikamwekea. Hakuila. Hakunigombeza wala hakulia, alisogeza tu sahani mbele kwa ncha ya kidole. Kwao mwanamke hapiki kwa kuni za lulu. Mti ukianguka wenyewe kwa upepo, unaachwa uoze palepale. Jioni nyumbani aliwasha moto wake uani kwa vipande vya masanduku ya nyanya, akachemsha uji wake peke yake, na kwa siku zote alizokaa hakugusa chungu changu. Mimi nilijitetea. Nilisema yameshachomwa tayari, nikiyaacha atayanunua mtu mwingine. Nilisema wateja wangu hawajui lulu, wanajua ndege. Niliposikia maneno yangu yanatoka, nilijichukia, lakini sikuyarudisha.

Mwenye lori alipokuja, nilimuuliza kwa mara ya kwanza yanakotoka. Alitaja mahali bila wasiwasi. Ni kijiji cha pili kutoka kwa shangazi.

"Hiyo ni lulu unachoma," nikamwambia.

"Ndiyo, lulu. Ile nzito iko lulu. Ile mepesi iko miti ingine." Alinitazama kama mtu anayeona mwenzake amechanganyikiwa. "Mama, si ni wewe ulisema? Mimi nilikuwa nachoma kila kitu. Ni wewe ulisema nzito peke yake."

Nilitamani awe mwongo, lakini hakuwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa mle ndani ya nguo za shangazi kabisa, nimevaa aproni.

Hapa nigawe hasira kidogo. Mwezi huohuo walikuja Juba watu wa mazingira, siwataji maana hata wao hawajijui. Walivaa kofia za kijani zenye maandishi, wakapanda miche kando ya barabara, wakapigwa picha wakishika jembe kwa namna ambayo hakuna mkulima anayeshika. Waliniagiza chakula cha watu hamsini. Nilikipika kwa lulu. Walikula, wakasifu pilau, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba sisi wananchi wa kawaida tunahitaji kuelimishwa kuhusu misitu. Nilimwongezea kachumbari, kwa kuwa ningefungua mdomo ningepoteza malipo. Mbuzi walimaliza miche yao kabla ya Jumapili. Bango lao la chuma bado limesimama, limenawiri.

Na wale wa vizuizi barabarani. Lori la makaa lina karatasi, na karatasi ina mihuri, na kila muhuri una tumbo nyuma yake. Sijawahi kusikia hata mmoja aliyeuliza ni mti gani. Sheria ya kulinda miti hiyo ipo, nimeambiwa na watu waliosoma. Basi ipo kama choo cha ofisi zetu: kipo, kimefungwa, na ufunguo hajulikani anao nani. Miaka ya vita mti ulisimama, maana mwenye shoka alikuwa anakimbia. Amani ilipokuja tukaja na misumeno ya mashine. Nikiwasikia watu wakisema "tumeteseka, tuacheni tupate chochote," natamani kuwauliza ni lulu gani iliyowatesa.

Msimu wa kiangazi ulipoanza, shangazi alinipigia kwa simu ya mwalimu wa kijiji. Wachomaji wamefika kwake. Wamekata ng'ambo ya kijito na sasa wanaelekea upande wa shamba lake. Kiongozi wao anazungumza Kiswahili, vijana wake pia, na wazee wa kijiji wameshakula kitu kwa hiyo hawana sauti. "Wewe unaijua lugha yao," akasema. "Njoo useme nao, mimi nikiwa nimesimama hapo."

Kiongozi huyo alikuwa mtu wangu wa makaa, na nilikwenda kwa lori lake lile lile la bluu. Kulikuwa na gari gani lingine? Lilikuwa linapanda tupu kwenda kupakia, na mwenye lori alinipa kiti cha mbele na maji ya kunywa. Tulitoka asubuhi. Nilikuwa nimepita njia hiyo mara moja tu, nilipomsindikiza baba yangu kuzikwa, na nakumbuka ilikuwa na kivuli, matawi yalikuwa yanakwaruza bodi. Sasa niliona mbali kuliko nilivyotaka. Visiki, moshi wa matanuri yaliyofunikwa udongo, magunia yamejipanga kando ya barabara, kila moja na kilemba chake cha majani. Vile visiki vibichi vilikuwa vinatoa utomvu mweupe. Mwenye lori aliona ninavitazama akasema, "Iko kama maziwa," kwa sauti ya kawaida tu, kisha akabadilisha gia.

Shangazi alitungoja shambani. Alikuwa amechana kanga yake moja vipande na kufunga kimoja kwenye kila mti, vipande tisa, ili asiwepo wa kusema hakujua. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama chini ya lulu hai. Si mti wa kutisha wala wa kupendeza sana. Shina fupi, gamba la mamba, majani yamekaa mafungumafungu kwenye ncha. Niliyatambua majani mara moja. Nilikuwa nimeyatupa kwa miaka minne.

Tukaanza maneno, sisi wawili na mwenye lori, vijana wake wamekaa juu ya magogo wakinoa misumeno.

"Huyu ni mama yangu," nikamwambia mwenye lori. "Hii miti ni yake. Hukati."

"Mimi nina karatasi ya hapa yote. Chifu alisema yote, hakusema yote toa tisa."

"Chifu haokoti lulu."

"Sasa mama, mimi nafanya nini? Hii vijana inakula. Lori inakula. Wewe mwenyewe unangoja gunia."

Tulizunguka hapo muda mrefu. Shangazi alikuwa akitazama midomo yetu. Haelewi Kiswahili hata cha kuombea maji. Mwishowe mwenye lori alinivuta kando kidogo, si mbali, akanitolea neno lake kama mtu anayefanya hisani, na naamini kwake ilikuwa hisani.

"Hii tisa mimi naacha. Kwa sababu yako. Lakini wewe naendelea kununua kwangu, na wale mama wote wa Hai Cinema naendelea. Ile ya ng'ambo ya kijito namaliza yote, na huku pia, mpaka barabara. Hakuna mtu nakuja tena kuniambia hii ya shangazi, hii ya nyanya. Sawa?"

Ng'ambo ya kijito na huku mpaka barabara kulikuwa na miti ya wanawake wengine. Wake wenza wa shangazi, shemeji zake, mabinti walioonyeshwa miti mwaka juzi tu. Nililijua hilo. Nilifikiri muda wa kumeza mate.

"Sawa," nikasema.

Shangazi akauliza, "Anasemaje?"

"Amekubali kuacha miti yako."

"Na ya wenzangu?"

"Tutaona," nikamwambia. "Tumeanza na yako."

Nilimpaka shangazi yangu mafuta kwa mgongo wa chupa, yeye aliyenipaka ya kweli tangu nazaliwa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaninenea baraka za ukoo mbele ya vijana wale wenye misumeno. Nilisimama nikazipokea. Nikarudi Juba juu ya magunia, maana kiti cha mbele safari hii kilikuwa na mtu wa karatasi.

Niliendelea kununua, kwa kuwa nilikuwa nimetoa neno. Nilijiambia kwamba nimeokoa nilichoweza, kwamba mkono mmoja hauzuii mafuriko, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mtu hujiambia akiwa anakunja chapati. Msimu wa lulu uliofuata shangazi alikuja na dumu moja badala ya manne. Akasema mwaka umekuwa mbaya. Nikasema ndiyo, mvua zimechelewa kila mahali. Aliniangalia, akasema mvua hazikuchelewa kwao.

Mwaka wa pili hakuja na dumu. Alikuja na mfuko mdogo wa nguo, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki cha kibandani, mchana wapakuzi wakiwa wameshaondoka. Nilimwekea chai. Aliinywa, na hilo lilinishtua, maana tangu siku ile ya jani hakuwahi kunywa kitu kilichopikwa kwenye jiko langu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amechoka tu.

"Ilichanua," akasema. "Yote tisa. Sijapata kuona maua mengi hivyo. Nilikwenda kila asubuhi kusimama chini, kama tunavyofanya, tunasikiliza. Mti wa lulu ukichanua unanguruma kwa nyuki, mwanangu, unausikia kabla ya kuuona. Mwaka huu kulikuwa kimya. Maua yalikaa, yakakauka, yakaanguka. Sikuokota hata kokwa moja ya kumwonyesha mtu."

"Nyuki wamekwenda wapi?" nikauliza, na Mungu anisamehe, nilikuwa sijui kweli.

"Walikuwa wanakaa kwenye mashimo ya miti mikubwa ya ng'ambo ya kijito. Hakuna mti ng'ambo ya kijito. Hakuna mti mpaka barabarani. Wakae kwa nani? Iliyobaki ni yangu, na nyuki hasafiri mchana kutwa kwa ajili ya miti tisa." Akaweka kikombe chini. "Wenzangu hawanisalimii. Wanasema mimi niliuza yao ili yangu ibaki. Nimewaapia kwamba sikusema neno kama hilo. Sasa nimekuja kukuuliza wewe uliyekuwa mdomo wangu. Siku ile, yule mtu alisema nini kuhusu miti ya wenzangu?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimezoea. Lakini nilitazama vidole vyake vimelala juu ya magoti, vidole ambavyo kila mwaka nilivijua vikiwa vinang'aa, na vilikuwa vikavu na vyeupe kwa vumbi kama vya mtu mwingine yeyote. Nikamweleza. Nikamwambia neno kwa neno, la mwenye lori na langu, pamoja na ile "sawa."

Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja, kama nilikubali palepale au nilifikiri kwanza. Nikasema nilifikiri kidogo. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ungenitafsiria, ningekataa," akasema. "Si kwa sababu mimi ni mwema. Miti tisa peke yake haizai. Mama mkwe wangu aliniambia hivyo siku aliyonionyesha, kwamba hii ni yako kuokota, lakini inazaliana na ile ya wenzako, usije ukafurahia jirani akipoteza. Kila msichana wa kwetu anaambiwa. Ningemwambia yule mtu akate yangu yote tisa na aache nusu ya ng'ambo. Tungekuwa na kitu. Nilikuwa nimesimama pale, mwanangu, hatua tatu kutoka kwako. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari kuhusu chifu, mihuri, watu wa kofia za kijani, mwenye lori na vijana wake. Mengi yalikuwa ya kweli, na hasira yangu kwao haijapoa hata leo. Lakini hakuniuliza kuhusu hao. Sikumuuliza kwa sababu haikunipitia akilini kwamba mwanamke yule mzee asiyejua Kiswahili anajua kitu ambacho mimi sikijui.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniomba nimtafutie gari la kurudi, maana alikuwa na wanawake wa kwenda kuwaeleza.